Kinga ya macho isingoje mlipuko

Ugonjwa wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera Machi 2023 uliua watu 6, akiwamo mhudumu wa afya. Tukio hilo linaihusu hata Gonja, wilayani Same, ijapokuwa ni mbali na Kagera: mgonjwa wa kwanza hufika hospitali kabla ugonjwa wake haujajulikana.

Barakoa hufunika pua na mdomo tu. Tone la damu au matapishi likiruka jichoni, virusi hupata njia. Miwani ya kawaida huacha pembeni wazi. Kwa hiyo miwani ya kinga, ngao ya uso na kofia havina budi kuwapo mapokezi na wodi ya wazazi kila siku. Vikiletwa baada ya serikali kutangaza mlipuko, vitakuwa vimemchelewa muuguzi aliyempokea mgonjwa huyo.