KAZI ZA MIKONO: Bei ya kusafisha vioo vya magazini

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Lubumbashi alitufikia jioni, ndoo mkononi, viatu vimelowa maji. Alikuwa ameanza kazi ya kusafisha vioo vya magazini na maofisi katikati ya mji. Kazi alikuwa nayo. Feza hakuwa nayo. “Wazee,” alisema, “nafanya kazi siku sita, na siku ya saba mke wangu ananiuliza feza imekwenda wapi. Nami sina la kumjibu.”

Tukamwuliza namna anavyopata bei yake. Hapo akainamisha kichwa, akatusimulia habari ya magazini yake ya kwanza. Ilikuwa na vioo 24. Mwenye magazini alisimama mlangoni akitazama saa yake, akamwuliza: “Kiasi gani?” Kijana akaona haya, akaogopa kufukuzwa, akajibu: “Faranga 5.000.” Yule bwana akakubali mara moja, hata neno la kupunguza hakusema. Papo hapo kijana akajua kwamba amekosea, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka kinywani.

Wengi wanaoanza kazi hii hufanya vivyo hivyo: hupima uso wa mtu, wala hawapimi vioo. Nayo bei ya kwanza hukaa siku nyingi. Mtu aliyezoea kulipa 5.000 kila Ijumaa ataona kwamba 6.000 ni wizi, hata kama kazi yastahili maradufu.

Basi tulichukua karatasi, tukaanza na saa. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kujipima: kila upande wa kioo humchukua dakika 2, kupaka maji ya sabuni, kuyavuta kwa kipangusio cha mpira na kukausha kingo. Vioo 24, ndani na nje, ni pande 48, maana yake dakika 96. Yapasa kuongeza nusu saa ya kuteka maji, kuhamisha ngazi na kusogeza bidhaa zilizopangwa dirishani (kazi ambayo hakuna anayeihesabu, nayo huchosha kuliko vioo vyenyewe). Jumla ni saa 2 na dakika kidogo.

Kisha tukahesabu siku nzima. Twatoa mfano tu, kila mtu aweke hesabu za nyumba yake. Tuseme nyumba yahitaji faranga 18.000 kwa kila siku ya kazi, nauli 4.000, sabuni, vitambaa na mpira mpya wa kipangusio 3.000, na 5.000 ziwekwe kwa ajili ya siku za ugonjwa na siku zisizo na kazi. Jumla ni 30.000. Je, zigawanywe kwa saa 8? Hapana! Katika siku ya saa 8, kijana huyu husimama mbele ya vioo saa 5 tu. Saa nyingine humwishia njiani, au akingoja mwenye ufunguo. Ni hizo saa 5 zinazolipa siku nzima; kwa hiyo kila moja yapasa kuleta 6.000. Magazini ile ya vioo 24 ilistahili 12.000. Yeye alikuwa akiifanya kwa 5.000.

Alinyamaza kitambo kirefu.

Iko mambo ambayo saa ya mkononi haionyeshi mpaka mtu amekwenda kutazama mahali penyewe mchana, bila haraka. Kusafisha mara ya kwanza si sawa na kusafisha kila juma. Nyumba iliyojengwa juzi ina matone ya saruji na rangi kwenye vioo. Kazi hiyo ihesabiwe kwa saa zake yenyewe, mbali na bei ya kila juma. Tena wembe una hatari: kioo kilichokazwa kwa moto, kile kinachovunjika kuwa punje ndogo, chaweza kukwaruzika kwa urahisi, na kioo cha magazini ni ghali kuliko ujira wa siku nyingi. Afadhali kuandika kabla ya kuanza nani atalipa, na mikwaruzo ya zamani ionyeshwe kwa kidole mbele ya mwenye nyumba.

Juu ya urefu, hatuna maneno mengi. Ngazi ya meta 4 mpaka mahali inapoegemea isimame mguu wake meta 1 mbali na ukuta, na mtu wa pili aishike; mtu huyo naye alipwe. Orofa ya tatu na ya nne asizitajie bei hata kidogo mtu asiye na vyombo wala mafundisho ya kazi hiyo.

Majira nayo yahesabiwe. Kwetu Lubumbashi, tangu Mei mpaka Septemba mvua ni shida kuiona, vumbi jekundu hushika vioo siku ile ile viliposafishwa. Mvua zikija, matope huruka mpaka vioo vya chini. Bei ya mwaka mzima isitajwe kwa kutazama mwezi mmoja mzuri. Maofisi nayo mara nyingi hulipa mwisho wa mwezi, au baadaye, hali sabuni inunuliwa leo.

Kijana akatuuliza neno lililokuwa likimsumbua: “Yule bwana ataniambia kwamba mlinzi wake hupangusa vioo kwa gazeti bila kuomba kitu. Nitajibu nini?” Tukamwambia asimtukane mlinzi. Aombe ruhusa asafishe kioo kimoja karibu na kile cha mlinzi, jua likiwa limeshuka ili maji yasikaukie juu ya kioo na kuacha michirizi, kisha anyamaze. Tena aende na bei mbili, si moja.

Alikwenda Ijumaa iliyofuata na karatasi yake. Nje tu, saa 1: faranga 6.000. Ndani na nje, saa 2: faranga 12.000. Mwenye magazini alikasirika kwanza, akasema kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani. Akaisoma karatasi mara mbili. Mwishowe akachagua nje tu kwa majuma matatu, na pande zote mbili katika juma la nne. Kwa majuma manne ni faranga 30.000 kwa saa 5 za kazi. Zamani zilikuwa 20.000 kwa saa 8.

Duka la pili katika njia ile ile lilimkatalia. Saa zile 3 alizozipata ameanza kuzitafutia vioo vingine, naye ametuahidi kurudi na hesabu yake.