Wanyama wa Burigi hawakuhama tu

Hapa Ngara na Biharamulo mtu akiuliza wanyama wa zamani wako wapi, hujibiwa upesi: "Wamehama." Sisi tunaona jibu hilo ni jepesi mno. Mnyama huishi penye chakula chake, maji yake na maficho yake, na idadi yake hupanda au hushuka kwa kadiri ya vitu hivyo. Mtazameni nzohe. Kwato zake ndefu hupanuka ili atembee juu ya matope ya mafunjo, kama yale ya Ziwa Burigi. Mafunjo yakichomwa, atahamia wapi? Mlimani?

Hata mbung'o ana masharti yake: kivuli cha vichaka na damu ya kunyonya. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na nyati wengi Afrika Mashariki. Mifugo na watu walipopungua, vichaka vilirudi, na mbung'o akarudi navyo. Nyati waliongezeka tena kwa kuwa nagana haiwasumbui sana, ng'ombe hakuweza. Basi mdudu huyu tunayemlaani amelilinda pori kuliko askari yeyote.

Kisha ikaja Aprili 1994. Watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja, wakapiga kambi Benaco na jirani zake. Walikuwa na njaa na walihitaji kuni. Miti ilikwisha, nyama ya porini ikaliwa, na katika mapori ya Burigi na Biharamulo korongo, palahala na pundamilia wakapungua sana.

Wengi wetu humalizia hadithi hapo, lawama tukiwaachia wageni. Lakini wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Mkaa unaopangwa leo kando ya barabara ni wa nani? Mwaka 2019 Burigi, Biharamulo na Kimisi ziliunganishwa kuwa hifadhi ya taifa, nasi tulifurahi. Hata hivyo mpaka wa hifadhi hauoteshi mti, wala hauzuii gunia la mkaa linalopakiwa usiku.

Tulipopika pilau ya Maulidi hapa madrasa, tuliulizana kuni zile zimekatwa wapi. Hakuna aliyejua. Mwaka huu tunaomba kila mzazi anayeleta kuni aseme zimetoka shamba gani, na wanafunzi wapande miti ya kuni nyuma ya madarasa kabla mvua za vuli hazijaisha.