Kabla ya cheti cha viza, sikiliza kikohozi cha nyumbani

Barua ya chuo ikishafika, nyumba nzima huhamia kwenye hesabu. Nauli, kodi ya nyumba ya huko, makoti ya baridi, shule ya watoto. Jambo linalobaki mwisho kabisa mara nyingi ni lile linaloweza kuzuia yote mengine, nalo ni cheti cha afya cha mtoto.

Chukua mfano wa familia ya Mwanza. Baba amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu Uingereza kuanzia mwishoni mwa Septemba, na anataka kwenda na mkewe, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka minne. Kwa kuwa watakaa zaidi ya miezi sita, kila mmoja anatakiwa kupimwa kifua kikuu kabla ya kuomba viza. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inazidai kipimo hicho.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa mara ya kwanza. Huenda hospitali ya karibu, wakalipia picha ya kifua, wakapewa barua yenye muhuri. Barua hiyo haitapokelewa, hata kama imeandikwa na daktari bingwa. Kipimo kinachokubalika ni cha kituo kilichoidhinishwa, na kwa Tanzania ni kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Dar es Salaam. Kwa Kenya ni ya shirika hilohilo jijini Nairobi. Familia ya Mwanza basi inabidi ifunge safari, watoto wakiwemo, kila mtu na pasipoti yake.

Kosa la pili ni kudhani kovu la chanjo ya BCG linatosha. Chanjo hiyo anayopewa mtoto akizaliwa humkinga zaidi na kifua kikuu kikali, kama kile kinachopanda kwenye utando wa ubongo. Haimaanishi kwamba hawezi kuambukizwa.

Watoto hawapimwi wote kwa namna moja. Binti wa miaka 12 atapigwa picha ya kifua kama wazazi wake. Mtoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi. Daktari humchunguza na kumuuliza mzazi maswali, kisha huamua kama kuna haja ya kuendelea. Mama mjamzito naye aseme mapema, kwa sababu zipo njia nyingine kwake, ikiwemo kupimwa makohozi.

Katika maswali hayo kuna moja linalowapa wazazi kigugumizi: je, nyumbani kuna mtu anayekohoa, au aliyewahi kutibiwa kifua kikuu?

Tuseme katika nyumba yetu ya mfano, dada wa kazi amekuwa akikohoa tangu mwezi uliopita. Amenunuliwa dawa ya maji dukani, kikapungua, kikarudi. Yeye haendi Uingereza, jina lake halimo kwenye fomu yoyote. Lakini ndiye anayemlisha yule mtoto wa miaka minne, anayemwogesha na kulala naye chumba kimoja. Mama anajua hilo. Anajua pia kwamba akilitaja, safari inaweza kuchelewa. Kishawishi cha kujibu "hapana" ni kikubwa.

Ukweli ni kwamba mtoto mdogo mara nyingi huambukizwa na mtu mzima wa nyumbani, na akiugua huenda asikohoe sana. Dalili zinaweza kuwa homa isiyoisha, kutoongezeka uzito, au kupoteza hamu ya kucheza. Kwa hiyo jibu la mzazi humsaidia daktari kujua la kutafuta. Akinyimwa jibu hilo, cheti kinaweza kutoka huku ugonjwa ukisafiri na mtoto.

Daktari akiwa na shaka, vipimo zaidi hufuata. Mtu mzima hutoa makohozi. Mtoto asiyeweza kuyatoa huenda akachukuliwa maji ya tumboni asubuhi kabla ya kula, kwa mrija mwembamba unaopitia puani. Vijidudu huoteshwa maabara, na majibu yanaweza kuchukua hadi miezi miwili. Kifua kikuu kikithibitishwa, matibabu hukamilishwa kwanza kwa miezi kadhaa, kisha vipimo hurudiwa.

Ndiyo maana kalenda ya safari ianze na mtoto. Cheti hudumu miezi sita, hivyo ukipima mapema kupita kiasi kitaisha muda kabla ya maombi, na ukipima wiki chache kabla ya masomo huna nafasi ya kusubiri majibu. Mmoja akichelewa, si lazima wote wapoteze. Baba anaweza kutangulia, mke na watoto wakaomba viza baadaye.

Wanaokwenda Marekani kwa viza za kuhamia wana utaratibu mwingine. Mtoto wa miaka miwili hadi 14 kutoka nchi zetu hupimwa damu kuangalia maambukizi ya kifua kikuu, na kadi ya chanjo hukaguliwa. Hapo wengi hushangaa: chanjo ya kawaida ya watoto wetu ni ya surua na rubela, wakati Marekani inataka pia ya matumbwitumbwi na ya tetekuwanga. Zote hizo huhitaji muda na fedha.

Lakini hatua ya kwanza haihitaji safari ya Dar es Salaam. Mtu yeyote nyumbani anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, awe bibi, mjomba au dada wa kazi, apelekwe kupima kwenye kituo cha afya cha serikali. Matibabu ya kifua kikuu huko hutolewa bila malipo. Akikutwa nacho, watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi naye huchunguzwa, na wasiougua hupewa dawa za kinga. Mzazi atunze kadi za matibabu hayo na kuzionyesha kliniki ya viza. Kumeza dawa za kinga si kuugua.

Dada yule atabaki Mwanza ndege ikiondoka. Akipimwa leo, atapona yeye, na mtoto aliyemlea atapanda ndege akiwa na cheti kinachosema kweli.