Shauri la Juma: Chambo Kisife Njiani

Wako wakulima hapa Kakamega wafugao kambare wadogo vidimbwini na kuwauzia wavuvi wa Ziwa Victoria, ambao huwatia ndoanani wangali hai ili kumnasa mbuta. Chambo kikifa njiani, mkulima hupoteza jasho la miezi, naye mvuvi hupoteza usiku mzima.

Jirani yangu alijaza pipa maji hadi ukingoni, akalifunika kabisa, akasafiri adhuhuri. Alipofika ufuoni, nusu ya samaki walikuwa wamekufa, na karo ya mwanawe ikawa imekwenda nao.

Kambare hupanda juu kuvuta hewa. Basi pipa lisijae, na kifuniko kiwe na matundu. Wasipewe chakula siku moja kabla ya safari, wasije wakachafua maji. Wawe wa kimo kimoja, maana wakubwa huwala wadogo. Safari iwe alfajiri, kwa kuwa maji yaliyopata joto hupungukiwa na hewa.

Mtumbwini, ndoo ikae kivulini, maji yabadilishwe kidogo kidogo, na aliyekufa atolewe mara moja.

Mvuvi aliyeuziwa samaki wazima hurudi kununua tena.