Jogoo wa sadaka asifukuzwe kanisani

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini, hasa Kilimanjaro, Arusha na Kagera, baraka za mchungaji hazimalizi Jumapili. Washarika hutoka nje, mzee wa kanisa hunyanyua jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na mnada wa sadaka ya mazao huanza. Baada ya jogoo huja trei la mayai, mkungu wa ndizi, maziwa, debe la mahindi. Wapo wanaosema desturi hii imepitwa na wakati: kila mtu ana simu, lipa namba imebandikwa ukutani, bahasha zipo, sasa jogoo wa nini tena? Nadhani wanahesabu fedha na kusahau kuangalia nani anayetoa. Fedha taslimu katika nyumba nyingi ina mwenyewe. Kwa Wachaga, kahawa kwa desturi ni zao la baba. Ndizi, maziwa na kuku vimekuwa zaidi mikononi mwa mama. Mwambie mama huyo atoe kwa simu tu, naye itambidi kwanza aombe, kisha atoe alichopewa. Akibeba mayai ya banda lake, hajaomba ruhusa ya mtu. Hali ni hiyo hiyo kwa bibi asiye na pensheni, na kwa mtoto aliyefuga sungura. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inamwelekeza mkulima aweke malimbuko kapuni, ayapeleke kwa kuhani, tena aseme kwa kinywa chake historia ya baba zake na nchi aliyopewa. Kazi ya shambani ilikuwa na nafasi yake ndani ya ibada, na aliyeifanya alisikika.

Atakayenijibu kwa Maandiko hatakosa pa kushika. Sura ya 14 ya kitabu hicho hicho inamruhusu mtu kugeuza zaka kuwa fedha. Lakini ruhusa hiyo ni ya aliye mbali, asiyeweza kubeba mzigo; tena akifika anatakiwa anunue chakula na kula pamoja na nyumba yake, bila kumsahau Mlawi. Basi mwana wa Rombo anayefanya kazi Dar es Salaam atume kwa simu, hana kosa. Anayeishi hatua chache kutoka kanisani hana umbali wa kusingizia.

Hoja nzito kuliko hiyo ni ya majivuno. Ni kweli, mnada unaweza kugeuka uwanja wa wenye nacho kupimana ubavu, na wapo wanadi wanaomtaja mtu kwa jina na cheo mpaka anunue kwa kuogopa macho ya watu. Hilo likomeshwe: mnadi anadi kitu, asimnadi mtu. Ila aibu ya namna hiyo haikuletwa na kuku. Orodha za ahadi zinazosomwa hadharani huwaumbua wasiomaliza vilevile, na sijasikia mtu akitaka bahasha zifutwe kwa sababu hiyo. Suala la muda ni jepesi. Mnada uwekewe nusu saa. Isitoshe, mnadani huonekana jambo ambalo simu haina: mtu hununua mkungu kwa bei inayozidi ya sokoni, kisha anaurudisha unadiwe tena, au anaagiza upelekwe kwa mgonjwa wa jirani. Ndizi zile zile zimekuwa sadaka mara mbili, na mgonjwa amekula.

Baraza la wazee linalotaka kufuta mnada lina kazi moja ya kufanya kwanza. Lichukue kumbukumbu za sadaka ya mazao za mwaka jana, au kama hazikuandikwa liwaulize wanaopokea vitu mezani, kisha lilinganishe majina hayo na ya wenye bahasha. Wale wanaoonekana upande wa mazao peke yake waitwe na kuulizwa, kabla kura haijapigwa, watakuja na nini mnada ukishaondolewa.