Kutua wima? Uliza joto kwanza

Wasee, mnasambaza klipu za ndege ya kivita ikishuka wima kwenye meli, mnasema hiyo ndiyo teknolojia. Sawa, inapendeza. Lakini hamuulizi swali la maana: imerudi na nini?

Ikishuka wima, mabawa hayabebi kitu. Injini pekee ndiyo inashikilia uzito wote. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, injini inapungua nguvu. Rubani akirudi na makombora hajayatumia, hana ujanja: anamwaga mafuta, na isipotosha, anatupa makombora baharini. Kombora moja la AMRAAM ni mamilioni ya shilingi, buda!

Uingereza iliondoa Sea Harrier FA2 kazini 2006, na sababu moja waliyotoa ni joto la Ghuba. Joto ni kweli. Kisingizio ndicho nakataa. Kwani Ghuba ilianza kuwa moto 2006? Injini kali zaidi ilikuwepo, Harrier za jeshi la anga zikawekewa. Hizi za wanamaji wakasema ni ghali na ngumu. Meli zikabaki bila ndege zao za kuzilinda angani.

Na F-35B? Mwaka 2018 kwenye HMS Queen Elizabeth walijaribu kuitua ikisonga mbele polepole, mabawa yasaidie kubeba. Hiyo ndiyo akili: hubishani na jua, unapanga nalo.

Nguvu za injini huandikwa kwa hewa ya nyuzi 15. Ghuba hupita 40. Mtu akikutajia namba, muulize ni ya joto gani. Akinyamaza, usimnunulie.