Mshahara ni wa serikali, lakini heshima iko mikononi mwa direkta

Kila mara walimu wanapogoma, mazungumzo yanaanza na kumalizika kwenye mshahara. Ni haki yao. Huku Kivu na Ituri, wengi bado ni N.U., ni kusema wanafundisha bila kulipwa na serikali. Lakini kuna deni lingine lisilongoja Kinshasa: namna mwalimu anavyochukuliwa ndani ya shule yake.

Tangu mwaka 2019, shule za msingi za serikali zilipofanywa kuwa za bure kama Katiba inavyosema katika kipengele cha 43, madarasa yamejaa. Watoto wanabanana kwenye kiti kimoja, kitabu hakitoshi. Hapo mwalimu analazimika kubuni: anahesabisha kwa vifuniko vya chupa, anatoa darasa nje kupima kiwanja kwa kamba, anaeleza kwa Kiswahili neno ambalo mtoto hakuelewa kwa Kifaransa.

Direkta akipita, anaona nini? Kuna anayesikia fujo tu. Anaomba daftari ya maandalizi, anamkaripia mwalimu mbele ya wanafunzi, anamwandikia barua ya kujieleza kwa sababu ya Kiswahili, hata kama sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa darasani. Kesho yake mwalimu huyo ananakili ubaoni somo la mwaka jana na kungoja kengele. Hakuna atakayemlaumu: karatasi zake ziko sawa.

Wengine watasema mwenye njaa habuni. Ni kweli kwamba heshima hainunui unga. Lakini mwalimu asiyelipwa aliyebaki darasani amebakizwa na kitu kingine, na kumvunja moyo ni kumnyanganya hicho kidogo kilichobaki.

Direkta naye anaogopa inspekta, anayemhukumu kwa makaratasi. Basi inspekta aanze kuuliza watoto wamejifunza nini. Direkta naye, badala ya kikao cha kugombeza, ampe kila juma mwalimu mmoja nafasi ya kuonyesha wenzake somo lililofaulu. Makosa yasemwe ofisini, mlango ukiwa umefungwa; kazi nzuri isifiwe mbele ya wazazi.

Hayo hayaombi hata franka moja. Mshahara uendelee kudaiwa, ila mtoto aliye darasani leo hawezi kungoja mgomo uishe ndipo apate mwalimu mwenye moyo.